Hadi Pikapu Iwake

9 Februari

Mpwa wangu,

Nianze na salamu, maana mama yako akisikia nimekuandikia bila salamu atanifuata hadi huku na mwiko mkononi. Mimi sijambo. Mgongo unanisumbua asubuhi, ila ukishapata chai unatulia. Jirani wa kushoto, yule mwalimu mstaafu, amehamia kwa mwanawe, nyumba imefungwa na nyasi zimefika dirishani. Wa kulia bado yupo lakini masikio yamemtupa mkono, kwa hiyo tunapungiana tu. Mkwe wangu hajambo? Msalimie sana. Mwambie ile redio aliyonitengenezea mwaka juzi bado inasema, na siku zingine ni yenyewe tu inayosema humu ndani.

Sasa jambo lenyewe. Unajua tulivyokubaliana na mama yako baada ya kumzika mwenzangu. Alisema mtu wa umri wangu hawezi kubaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, nihamie kwake, chumba cha uani ameshakipaka rangi. Unamjua Jemadari, akishasimama na kushika kiuno hakuna wa kumbishia. Nikamwambia sawa dada, nitahama, ila niache kwanza niitengeneze pikapu, siwezi kuiacha ioze pale nyuma ya nyumba. Akafikiri kidogo. Akasema haya, hadi iwake, na siku ikiwaka unafunga nyumba unakuja. Nadhani alidhani ni kazi ya wiki mbili. Haijui ile injini.

Wewe unaijua, umekulia kwenye kiti chake. Ile si injini kama za magari ya watu. Ni ya mipigo miwili, kama ya pikipiki za zamani, ina pistoni tatu, na oili yake haikai chini ya injini, unaichanganya na petroli humo humo kwenye tangi. Ukisahau kuchanganya, pistoni zinagandana na ndiyo kwaheri. Unakumbuka mtaani walivyotuita watu wa bisi kwa ule mlio wake? Mafundi wa siku hizi nikiwafungulia boneti wanainama, wanajikuna, kisha wanakumbuka wana miadi mahali.

Mimi nilikuwa fundi wa viti vya magari, si wa injini, kwa hiyo naenda mdogo mdogo. Kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Natazama picha. Nimegundua sili mbili za krenki zimekwisha, zile duara za mpira, zinavuta hewa na injini haiwezi kupumua sawasawa. Pia nahitaji ringi za pistoni. Huku hakuna hata wa kumuuliza. Mji wenu ni mkubwa, ulizia. Vipimo nimechora nyuma ya karatasi hii.

Usinijibu kwenye simu. Kwenye simu huwa tunasema "salama" mara nne kisha tunakata. Andika.

Mjomba wako

*

26 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye meza ya mapokezi kazini wiki nzima, chini ya sahani ya yule dada wa mapokezi, ndiyo maana ina alama ya duara pembeni. Hiyo si sili ya krenki.

Sisi wazima. Kazi ni ile ile, nasaga lenzi za miwani kuanzia asubuhi hadi vidole vinakuwa vyeupe kwa unga wa vioo. Watu wanaondoka wanaona, mimi nabaki nafikicha macho. Chumba chetu bado ni kile cha ghorofa ya nne juu ya duka la viatu, na ngazi hazijapungua hata moja. Mkwe wako anakusalimu sana. Anasema redio ikianza kukoroma, fungua mfuniko wa nyuma upulize vumbi.

Mambo ya vipuri sasa. Nimezunguka maduka yote ya magari nikiwa na mchoro wako mkononi. Wakisikia aina ya injini wananitazama kama nimeomba kwato za farasi. Mwishowe muuza tairi mmoja akanielekeza nyuma ya soko la vyuma chakavu, kwa mzee wanayemwita Babu Nati. Duka lake liko chini ya ngazi za jengo, refu na jembamba, huwezi kugeuka bila kuangusha kitu. Nilipomtajia injini yako alivua miwani, akaketi juu ya gurudumu, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema hajaulizwa habari za injini hiyo tangu mkewe yuko hai.

Sili amezipata, nimekufungia. Ringi ameniambia nimpe muda. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa spika, nikaondoka nayo kuitengeneza, kwa hiyo sasa ana sababu ya kunitafutia ringi zako haraka.

Mama ananipigia kila Jumapili. Haanzi na salamu siku hizi, anaanza na "Imewaka?" Namwambia bado.

Mpwa wako

*

30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sili zimefika salama, na mkwe mwambie nimepuliza vumbi kwenye redio kama alivyosema, sasa inapiga chafya badala ya kukoroma. Ila nimeshangaa kitu kimoja. Huyu bwana tangu amekuoa hajawahi kunitumia salamu bila kunitukania timu yangu. Safari hii hakugusa kabisa habari za mpira, na timu yangu imefungwa mara tatu mfululizo. Au ameokoka?

Injini nimeipasua katikati. Nimeitandaza yote juu ya meza ya chakula, maana huko nje vumbi ni jingi na humu ndani hakuna wa kunigombeza. Nilikuwa na wasiwasi wa kuchafua kitambaa cha meza, nikazunguka jikoni nikitafuta mtu wa kumuomba ruhusa. Kisha nikakitoa mwenyewe nikakikunja.

Viti nilivimaliza kabla ya yote. Ndiyo kazi niliyoijua, nikaianza mwanzo, kama mtu anayetandika meza kabla hajaenda sokoni. Sponji mpya, ngozi bandia ya rangi ya kahawia, mshono wa mara mbili. Vyote viwili, cha dereva na cha abiria. Sasa vimekuwa ndivyo viti bora kuliko vyote nilivyo navyo, basi jioni nachukua sahani yangu naenda kulia chakula ndani ya pikapu. Natazama ukuta kupitia kioo cha mbele. Si vibaya. Bado napika sufuria ile ile kubwa, mkono umezoea, na kinachobaki nakipasha kesho yake.

Nikumbushie ringi. Na platini tatu, zile za kuipa plagi cheche, kila pistoni ina ya kwake. Mama yako ametuma ujumbe kwamba chumba cha uani kimewekewa pazia. Kuna maua kwenye hilo pazia, amesema, ili nisijisikie mpweke.

Mjomba wako

*

17 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Hapakuwa na jambo, siku zimeenda tu.

Mkwe wako anasema hakutaka kukutonesha kidonda, lakini kwa kuwa umemchokoza mwenyewe, timu yako iuze viatu ifuge kuku. Haya, umefurahi?

Ringi hizi hapa, na platini hizi hapa. Babu Nati alizitoa kwenye kopo la maziwa ya unga, kila moja imevishwa karatasi yenye mafuta kama pipi. Nimekuwa napita dukani kwake Jumamosi hata kama sina cha kuuliza. Ananipa gurudumu nikae. Ananieleza habari za magari yaliyokufa zamani na mimi nasikiliza, halafu saa za kufunga zikifika tunaagana na kila mtu anashika njia yake. Ni mtu wa kwanza mjini humu kuniuliza nimekula nini.

Nimeiuza ile meza kubwa. Ilikuwa inajaza chumba bure.

Mama amekasirika kidogo. Anasema fundi wake alimtengenezea lori zima kwa mwezi mmoja. Nimemwambia injini yako si ya kawaida. Akasema, "Hata mwenyewe si wa kawaida," akakata simu.

Mpwa wako

*

2 Agosti

Mpwa wangu,

Natumaini uko mzima, na mkwe, na huyo Babu Nati ambaye naona sasa ameingia kwenye ukoo. Mpe salamu zangu. Mimi mzima. Mvua zimekoma, jirani wa kulia amenunua mbuzi ambaye hamsikii akilia, kwa hiyo namsikilizia mimi.

Ringi na platini vimeingia. Injini nimeifunga yote, nimeirudisha mahali pake, nimeitia petroli na oili kwa kipimo. Nimejaribu kuiwasha. Haiwaki.

Nimechunguza sana, nimegundua tatizo ni vali. Vali mbili za kutolea moshi zimeungua. Naomba unitafutie. Najua ni ngumu kupatikana, usijisumbue kuharakisha, hata ikichukua miezi si kitu. Ukipata moja moja pia ni sawa. Andika tu unijulishe umefikia wapi.

Meza kubwa umeiuza mnakulia wapi?

Mjomba wako

*

25 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, mkwe wako anasalimu.

Nilimpelekea Babu Nati ombi lako la vali. Alicheka hadi akalazimika kuvua miwani niliyomtengenezea. Akasema injini ya mipigo miwili ya namna ile haina vali hata moja, haijawahi kuwa nazo tangu ilipotoka kiwandani. Kuna matundu tu kwenye ukuta wa silinda, pistoni ikipanda inayafunga, ikishuka inayafungua, basi. Nikamwambia mjomba wangu ameipasua injini yake akaitandaza juu ya meza ya chakula, anaijua kuliko yeye. Akaacha kucheka. Akaniuliza, "Huyu mjomba wako anaishi na nani?"

Nikamwambia.

Akaingia ndani kabisa kwenye giza la duka, nikasikia vyuma vinaanguka, akarudi na vali mbili za lori fulani. Akazipangusa, akazifunga kwenye gazeti. Akasema, "Mpelekee. Atajua pa kuzifunga."

Ndizo hizi.

Mpwa wako

*

19 Septemba

Mpwa wangu,

Vali zimefika na zimeingia barabara. Mshukuru sana Babu Nati, mwambie ni fundi wa kweli.

Pikapu bado haiwaki. Mama yako akiuliza mwambie hivyo hivyo, kwamba bado haiwaki na kwamba vali zilizobaki zinatafutwa. Mimi pia nimemwambia hivyo. Jumapili alinipigia nikamweleza habari za vali kwa kirefu hadi akachoka mwenyewe akaniuliza nimekula nini.

Nina ombi jingine dogo, na hili si la chuma. Mkwe wangu ananitumia salamu kila barua lakini mwandiko ni wako. Mwambie safari hii aniandikie mwenyewe, hata mstari mmoja. Anitukane mpira akitaka.

Mjomba wako

*

14 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Habari za hapa ni nzuri. Mvua za vuli zimeleta baridi na kazini wameweka hita moja ya umeme kwa watu wanane, tunaizunguka kwa zamu. Mwenye karakana anataka kustaafu, anauza mashine moja moja.

Mama hajashtukia habari ya vali, nilimwambia zinatafutwa nchi tatu tofauti, akasema Mungu awasaidie. Kwa hiyo una muda.

Mkwe wako huyu hapa chini.

Mpwa wako

MJOMBA MIMI SIJAMBO. KAZI NYINGI. TIMU YAKO HAIFAI. MKWE.

*

4 Novemba

Mpwa wangu, mwanangu,

Ule mstari wa mkwe nimeupokea. Nimeuweka mahali pamoja na zile vali.

Sikuulizi. Ukitaka kusema utasema, na usipotaka, mimi na wewe tutaendelea kusalimiana naye hadi tuzeeke, hana gharama. Lakini nilikuona tangu meza. Mtu hauzi meza ya kulia wakati mko wawili.

Na kwa kuwa wewe umefunga mdomo kuhusu vali zangu kwa miezi yote hii bila kunitia aibu kwa mama yako, nikueleze yangu. Pikapu iliwaka. Iliwaka wiki ile ile niliyokuandikia kwamba haiwaki. Nilivuta choki, nikapiga stata mara mbili, ikakohoa, ikashika. Moshi wa buluu ukajaa uani, mbuzi wa jirani akakimbia, na bisi zikaanza. Mpwa wangu, nilicheka peke yangu. Niliishusha kutoka juu ya matofali ilipokuwa imekaa miaka yote, nikaitoa barabarani, nikaizungusha mtaa mzima hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Haikukohoa tena hata kidogo. Kiti cha abiria kilikuwa kinang'aa.

Nikarudi hadi getini kwangu, nikasimama, nikapiga honi. Nikangoja. Nikapiga tena. Nilikuwa namngoja mwenzangu atoke na kitambaa cha jikoni mkononi anifungulie geti, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akilalamika kwamba honi ile inaamsha wafu. Nilingoja pale injini ikiunguruma hadi yule jirani kiziwi akatoka akaniangalia. Hasikii, lakini macho anayo. Ndipo nikakumbuka kwamba geti inabidi nishuke nilifungue mwenyewe.

Nimekuwa nikiitengeneza kwa ajili yake na sikujua. Kwa miezi yote ile, kila bolti niliyoikaza nilikuwa najiambia nasogeza siku ya kuhama. Kumbe nilikuwa nafikiri ikiwaka atatoka.

Nikairudisha juu ya matofali. Nikakaa nikaandika habari za vali. Kidogo nilimwogopa mama yako na pazia lake la maua, huo ndio ukweli. Lakini zaidi niliogopa kwamba pikapu ikishapona huna tena cha kuniandikia. Nilifikiria kuomba kitu kilichomo kwenye injini, nikaona vyote ni vizima na Babu Nati angekipata kwa wiki moja. Nikaomba kisichokuwepo, kisipatikane haraka. Sikufikiri kwamba ungekituma.

Sasa sikiliza. Nimechoka kuidanganya familia, na nyumba hii nimeijaribu, imenishinda. Vyumba vinne ni vingi. Chumba cha mwisho sijakifungua tangu Mei. Mwisho wa mwezi nitampigia Jemadari nimwambie imewaka, nifunge nyumba, niende. Chumba cha uani si kibaya. Pikapu atanunua mtu atakayekumbuka kuchanganya oili.

Wewe usiache kula.

Mjomba wako

*

23 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Usimpigie mama. Nimeshampigia mimi, soma hadi mwisho ndipo ukasirike.

Kwanza la mkwe. Aliondoka Januari, kabla hujaniandikia ile barua ya kwanza. Hakuna salamu hata moja iliyokuwa yake, hata ya redio. Ya redio niliitoa kichwani, nashangaa ilisaidia. Hatukugombana. Alisema anakwenda kuangalia kazi mji mwingine, akachukua koti lake na sanduku la vifaa, na baada ya wiki mbili akatuma ujumbe kwamba ameamua kukaa huko na kwamba nisimsubiri. Mistari miwili, hata yangu ya kumuigiza ilikuwa na maneno mengi zaidi. Ulipouliza hali yake nikaona nikikuambia utamwambia mama, na mama atakuja na sauti yake, na nitalazimika kulia mbele ya watu. Basi nikamfanya akusalimu. Barua iliyofuata ukamjibu. Ikawa kuna nyumba moja duniani ambamo bado nina mume, na nyumba hiyo ni yako, nikashindwa kuivunja.

Mjomba, hapa naishi kwa upweke ambao sijui nimweleze nani. Narudi, napanda ngazi, nafungua mlango, na kila kitu kiko pale nilipokiacha asubuhi. Kikombe kiko pale pale. Ninakichukia kile kikombe. Jumamosi nilikuwa na duka la Babu Nati, lakini mwanawe amekuja kumchukua akaishi naye, wamefunga. Aliniachia pistoni moja ya akiba na kopo la platini. Alisema, "Hii ya injini ya kweli." Alikuwa amevaa miwani yangu.

Nikasoma barua yako kwenye ngazi, sikufika hata juu. Nikakaa pale ghorofa ya pili watu wakinipita. Nilipofika kwenye honi nililia kweli, na yule muuza viatu akanipandishia kiti.

Jumapili mama alipiga. "Imewaka?" Nikamwambia imewaka. Akauliza tena, nadhani alikuwa ameshazoea jibu jingine. Kisha akasema vizuri, sasa afunge nyumba. Nikamwambia nyumba haifungwi, mama, ina watu wawili. Akauliza wa pili nani. Nikamwambia ni mimi, na la mkwe likafuata hapo hapo, nikaweka simu kitandani akaongea hadi akamaliza. Mwishoni alikuwa analia yeye. Akasema atalitoa lile pazia atuletee, kwa hiyo jiandae, maua tutayaona tu.

Sikuombi ruhusa, naona unajua. Ukikataa nitakaa getini.

Sijui kama itatufaa. Huenda watu wawili waliozoea kunyamaza wakikaa nyumba moja wananyamaza tu kwa vyumba viwili tofauti. Wewe unakoroma, na mimi asubuhi siongei kabla ya chai. Nitataka meza ya chakula iwe ya chakula. Ila chumba cha mwisho nitakifungua mimi, hutahitaji kuingia.

Kazi nimeacha vizuri. Mwenye karakana ameniachia ile mashine ya zamani ya kusagia lenzi, huko kwenu hakuna anayefanya kazi hiyo na wazee wanaofikicha macho ni wengi. Nitaiweka pale mwalimu mstaafu alipokuwa akiotea jua ukutani kwako, tukishapaezeka.

Treni inafika Jumanne ya tarehe tisa, asubuhi. Njoo na pikapu. Mashine ni nzito. Ningeweza kumwita mchukuzi wa stesheni aishushe, lakini mwaka mzima huu nimebebewa vitu na watu nisiowajua, na vingine nimevibeba mwenyewe. Njoo wewe.

Mpwa wako